Pumzi ya Paskali wa Waya Wazi

Padre, wazee wetu, na nyote mliofika Farkwa kwa jua hili, poleni na asanteni. Mimi ni Antonia, dada wa marehemu. Kamati ilinikabidhi wasifu ulioandikwa na wenzake wa kundi la muziki la Waya Wazi. Nimeusoma. Umejaa sifa za kundi, za marehemu chache. Nimeuacha ndani, nasoma wa kwangu.

Marehemu Paskali Marko alizaliwa hapa Farkwa tarehe 14 Agosti 1987, mtoto wa pili wa hayati Mzee Marko na wa Mama Evarista, tuliye naye hapa. Alisoma shule ya msingi hapa hapa, sekondari Kondoa, na mwaka 2009 akapata cheti cha ufundi umeme Dodoma. Alikuwa mtundu tangu mdogo. Redio ya baba aliifungua na kuifunga mpaka ikawa haiongei ila imelazwa kifudifudi, na baba akaizoea hivyo hivyo.

Mwaka huo huo aliajiriwa mjini Dodoma kwenye duka la Mzee Jiten, akitengeneza redio na spika. Mzee Jiten yupo pale nyuma, mtu mwema, sina neno naye. Nina neno na mwanawe, Kunal. Mwaka 2011 Kunal na Paskali walipanga chumba Chang'ombe wakaanzisha hiyo Waya Wazi. Walirekodi mashine ya kusaga, transfoma ikivuma, bati likipigwa na upepo, wakaviingiza kwenye kompyuta na kuvikatakata, kisha wakatuambia ni muziki. Paskali akaongeza Kisandawe chetu na ile milio yake ya ulimi. Mwenye nyumba aliwatimua. Onyesho lao la kwanza mjini, watu walitoka ukumbini wakaacha soda mezani. Lakini Kampala mwaka 2015 walipigiwa makofi, na Ujerumani mwaka 2018 watu wakamuuliza Paskali ile milio inatoka kwenye mashine gani. Akajibu, "Inatoka kwa mama yangu." Gazetini ikatoka picha ya Kunal.

Tarehe 22 Oktoba 2016 alifunga ndoa na Violeth, kwao Hombolo. Waya Wazi wenyewe ndio walioingiza maharusi. Baba mdogo Ernest aliacha sahani ya pilau akaenda nyuma kukagua jenereta, akidhani inakufa. Aliporudi akasema, "Jenereta nzima kabisa. Mgonjwa ni muziki." Paskali alicheka mpaka akakaa chini na suti yake mpya. Walijaliwa binti mmoja, Evarista mdogo, somo wa bibi yake.

Mwaka 2023 figo zake zilianza kushindwa kazi. Akawa analazwa Dodoma, anasafishwa damu. Violeth hakumwacha, na hilo naomba mlisikie wote. Kunal naye alikuja kumjulia hali. Wagonjwa wanapelekewa uji na matunda. Yeye alikuja na kinasa sauti. Paskali alimruhusu arekodi mlio wa ile mashine ya damu, maana fundi ni fundi hata akiwa hoi. Kisha usingizi ukampitia, na Kunal hakuzima. Alirekodi pumzi za mgonjwa, kuguna kwake, na maneno aliyoweweseka.

Julai mwaka huu Waya Wazi walipiga onyesho Dar es Salaam bila yeye, wakamtumia video kitandani. Nilikuwa nimekaa pembeni yake. Nilimsikia mdogo wangu akiguna gizani, maneno yake yamekatwakatwa hata mimi sikuyaelewa, na watu wanashangilia. Paskali alisikiliza mpaka mwisho, akaniambia, "Dada, mashine nilimruhusu. Kuguna kwangu sikumruhusu. Waambie waiondoe sauti hiyo."

Nilimpigia Kunal. Akaniambia, "Dada Antonia, hii ndiyo kazi bora kuliko zote tulizowahi kufanya. Ukiiondoa hii, albamu yetu mpya haipo." Nikamwambia basi isiwepo. Akasema atafikiria. Akafikiria mpaka Paskali akafariki, Jumanne tarehe 11 Novemba 2025 asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa Violeth. Alikwenda bila jibu.

Haya ninayosoma sasa nimeyaongeza muda mfupi uliopita. Leo asubuhi Kunal amefika msibani na spika, anataka kuipiga rekodi hiyo kaburini, eti ndiyo heshima ya mwisho. Nilikuwa tayari kumtoa kwa ukosi. Mama akamkaribisha chai. Akamwuliza, "Humo ndani mwanangu anasema nini?" Kunal akakiri haelewi. Miaka yote hiyo anaikata na kuiunga lugha yetu, hajui neno hata moja. Mama akaomba asikie ile ya mwanzo, isiyokatwa. Akawekewa masikioni. Alisikiliza mkono ukiwa mdomoni. Kisha akamwambia kwa upole, upole ambao mimi sina, "Ananiita. Anasema, mama, waambie hawa watu waondoke, nataka kulala."

Kunal ameifuta mbele yetu, analia. Anasema hakuna nakala nyingine. Sijui, fundi alikuwa Paskali, si mimi. Nyinyi ni mashahidi. Mkiisikia popote, jueni ni sauti ya mtu aliyekataa.

Marehemu ameacha mama yake Evarista, mjane wake Violeth, binti yake Evarista mdogo, na mimi dada yake. Kunal ameomba atajwe kama ndugu. Sikumwandika.

Bwana alitupa Paskali, na leo tunamrudisha kwake. Tukishamaliza kuzika, twendeni nyumbani sote, tumwache alale.