Kwa Nini Picha ya Tata Zéphirin Imetikisika

Wapendwa mulioketi chini ya hema hii tangu siku tatu, tunajua mumechoka. Sisi pia tumechoka. Kwa hiyo tutasema maisha ya Tata Zéphirin Ngoyi polepole, bila kuzunguka sana, na tutaanza na neno ambalo wengi wenu munanong'ona tangu mulipopewa hii karatasi. Picha ya ukurasa wa kwanza imetikisika. Kichwa kimekatika upande mumoja. Kwenye kidevu kuna uji. Na chini, kwenye kona, kuna kitu cheusi, kinene kama ndizi. Jana mutu mumoja aliuliza, akizani wenye kilio hawasikii: "Kweli, mutu mwenye alipiga bafoto ya Manika yote, bamekosa foto ya kumuwekea?" Tulisikia. Jibu liko njiani, mutuvumilie.

Tata Zéphirin alizaliwa Sandoa, siku ya 14 mwezi wa tisa mwaka 1954, mutoto wa nne kati ya saba. Baba yake, Banza Gaston, alikuwa mwashi aliyetoka Kabongo, kule kaskazini, akafuata kazi ya kujenga misioni, akabaki. Mama yake, Mbayo Albertine, alilima muhogo na kuuza unga sokoni. Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza. Mama alikuwa akisema kwamba huyu mutoto hakulia kama wengine. Alifungua macho, akaangalia watu mumoja mumoja, ndipo akakumbuka kulia.

Alisoma shule ya musingi ya misioni kule Sandoa, tangu 1960 mupaka 1966. Kila mwaka alikuja mupiga picha, watoto wakapangwa kwenye mabenchi matatu. Mwaka 1964 nzi alitua juu ya pua ya Zéphirin, naye akageuza kichwa. Picha ilipotoka, watoto makumi ine na mumoja walikuwa na sura, lakini yeye juu ya kola yake alikuwa na kitu kama moshi. Mwalimu alimupiga fimbo sita kwa kuharibu picha ya shule, na wenzake wakamwita Moshi mupaka siku aliyoacha masomo. Alifanya miaka miwili tu ya sekondari. Mwaka 1968 baba yao alikufa, na karo ikakosa mwenye kuilipa. Yeye mwenyewe alisema kwamba alitoka shuleni na somo moja: mutu akitikisika, anapotea.

Alifika Kolwezi mwaka 1972, akabeba mifuko sokoni miaka miwili, na siku ya kwanza mwezi wa sita 1974 aliandikwa kazi katika kampuni ya mugodi, kwenye ofisi ya kartu, vile vitambulisho vya kazi. Kazi yake ilikuwa kupiga sura za wafanyakazi: ukuta mweupe nyuma, namba kifuani. Miaka ishirini na tisa. Wachimbaji, madereva, makarani, wafagiaji, wote walipita mbele yake dakika moja moja, na wote walisikia maneno yale yale: "Inua kidevu. Funga kinywa. Usitikisike."

Mwaka 2003 aliachishwa kazi pamoja na wengine wengi. Akafungua studio ndogo kwenye mutaa wa Manika, hapa Kolwezi, karibu na soko, yenye pazia lililochorwa nyumba ya gorofa na ngazi za marumaru. Wengi wenu muko na picha ya pazia hilo ukutani: baba amesimama, mama ameketi, na mutoto katikati ameogopa. Tata Zéphirin aliamini kwamba picha ni kitu cha kuonesha wageni. Ikiwa mutu amefunga jicho, ao anacheka mupaka meno ya nyuma yanaonekana, alipasua karatasi, na filimu aliikata kwa makasi akaichoma na takataka. Hakufanya hivyo kwa ubaya. Aliona analinda heshima ya watu.

Alikuwa amemuoa Odile Nkulu siku ya 18 mwezi wa nane 1979, katika paroisi ya Manika. Mama Odile alikuwa anauza sombe, majani ya muhogo, na mafuta ya mawese, tena alikuwa anacheka kwa sauti ambayo watu walisikia mupaka barabarani. Walipiga picha ya arusi mara sita, kwa sababu bwana arusi hakuridhika na kidevu cha bibi arusi. "Zéphirin," Mama Odile alimwambia mbele ya wageni, "umeoa kidevu ao umeoa mutu?" Mungu aliwapa watoto watatu: Myriam mwaka 1981, Stany mwaka 1985, na Glodi mwaka 1992.

Sasa tunafika kwenye neno lenyewe.

Siku moja ya Mungu, Jumapili, mwaka 2007, Tata Zéphirin alirudi nyumbani na filimu iliyobakiza picha moja. Aliipiga pale mezani, ili imalizike tu. Glodi alikuwa na miaka kumi na mitano. Alikuwa amejaza bukari, ule ugali wetu, kwenye shavu moja, na Stany amemuambia neno ambalo leo hakuna anayelikumbuka, naye alikuwa anacheka hata macho hayaonekani, mukono wake uko juu ya bega la mama yake. Picha ilipotoka, Mama Odile aliishika, akacheka tena. Tata Zéphirin akaichukua mukononi mwake.

"Ona kinywa. Bageni batasema hatukumufundisha kula."

"Tata Myriam," Mama Odile alimuomba baba ya watoto wake, "uniachie ile."

"Ntamupiga ingine, muzuri."

Akaipasua vipande vine. Ile ingine aliipiga kweli, mbele ya pazia, na Glodi alisimama kama mulinzi wa benki. Mafuriko ya mwaka 2010 yakaibeba, pamoja na vitu vingine vya nyumba.

Glodi alimaliza masomo, akakosa kazi, akaenda kuchimba na vijana wenzake. Siku ya 6 mwezi wa tatu 2014 shimo lilianguka juu yao. Alikuwa na miaka ishirini na moja. Nyumba ya mupiga picha ilitafuta picha ya kuweka juu ya sanduku, wakapata ile ya kartu ya uchaguzi peke yake. Waliikuza. Wote mulioikuta pale munaikumbuka: sura ya majivu, macho ya mutu anayeshitakiwa. Mama Odile aliisogelea, akaigeuza, uso chini.

"Munazika nani?" aliuliza. "Huyu mi simujue." Kisha akamuangalia bwana yake. "Mwana yangu njo ule mwenye bukari mu kinywa. Ulimupeleka wapi? Si ulimupasula?"

Tata Zéphirin alikaa na kofia yake kwenye magoti. Tunasema haya kwa idhini ya Mama Odile; yeye ndiye aliyetuambia, "Muandike yote, nimechoka kuibeba mi peke yangu."

Baada ya kilio Tata Zéphirin alifungua masanduku yote ya filimu yaliyobaki studio. Miezi minane alizishika moja moja mbele ya dirisha, akijua alichokichoma kwa mukono wake hakitarudi. Alienda kwa marafiki wa Glodi kuuliza kama kuna picha kwenye simu. Simu nyingine zilikuwa zimeuzwa, nyingine zilikufa. Ndipo alisikia kwamba kijana Dimitri, aliyechimba pamoja na Glodi, alikimbia ile kazi na sasa anauza samaki mukavu kule Dilolo, kwenye mupaka wa Angola. Mwezi wa kumi na moja 2015, mvua ikinyesha, muzee wa miaka makumi sita na moja alipanda kamyo iliyobeba mahindi. Alifika siku ya tano, viatu mukononi.

"Tata, foto iko," Dimitri alimwambia, "lakini itakuumiza. Haioneshe sura. Ni mugongo tu."

"Lete mugongo."

Ilikuwa Glodi anapanda kilima na mufuko kichwani, shati lake la kijani lenye kiraka. Tata Zéphirin alirudi nayo ndani ya Biblia aliyoazimwa na yaya wake Donatien, kaka yake mukubwa, ambaye siku zile alikuwa akitembeatembea upande ule wa mupaka. Mama Odile aliiangalia muda murefu. "Njo yeye," alisema. "Kile kiraka, mi njo nilikishona." Akaiweka ndani ya kitabu chake cha nyimbo. Kisha akarudi jikoni, na Tata Zéphirin akabaki na Biblia tupu.

Tangu pale hakupiga tena mutu aliyepangwa. Pazia la nyumba ya gorofa alilifanya kivuli cha kuku. Alinunua kamera ndogo ya okazioni, iliyokwisha kutumika, akapiga watu wake wakiwa katika mambo yao: Stany ametambaa chini ya taxi-moto yake, ile pikipiki ya kubeba watu, Myriam amesinzia na kalamu mukononi, mujukuu Chancelle analia wanapomusuka. Aliandika tarehe nyuma ya kila moja na hakutupa hata moja. Watu walinung'unika. "Tata, mi niko nasukula sahani, foto ya nini?" Myriam aliuliza, mikono ndani ya sabuni. "Ya sahani," alijibu.

Alipiga pia kwenye bomba la maji, sokoni, mbele ya kanisa. Mama ya jirani yetu Falonne alipokufa, picha iliyowekwa juu ya sanduku ilikuwa ya Tata Zéphirin: mama yule ameinama, anagombania bidoni ya maji, kidole hewani. Falonne alilia, kisha akacheka ndani ya kilio. "Njo yeye! Hata sauti naisikia." Wengi walienda kwake baada ya siku ile. Aliwapa bure.

Lakini Mama Odile alikataa. Kila mara kamera ilipomugeukia, aliinua mukono. "Toka na ile kitu yako." Miaka kumi. Kwenye masanduku ya Tata Zéphirin kuna picha mia mbili na kumi na saba zilizoandikwa nyuma "Odile", na kwenye zote munaona kiganja. Kiganja chenye unga, chenye sabuni, chenye damu ya kuku. Alizitunza sawa na zingine. Chancelle alimuuliza siku moja kama hachoki. Akasema, "Ni mukono yake. Naujua sasa kuliko sura yangu."

Kikohozi kilianza mwaka 2021. Alizani ni vumbi, kwani hapa kwetu nani asiyekohoa? Mwaka 2024 alianza kulala ameketi. Mwezi wa kumi na moja alilazwa majuma matatu. Daktari alisema mapafu yamechoka na moyo pia, akaturuhusu tumurudishe nyumbani. Watoto walipokezana kumugeuza, kumuosha, kumupepea. Tuseme ukweli, ilikuwa kazi ndefu, na kila mutu alichoka, hata mugonjwa.

Asubuhi ya siku ya 3 mwezi wa pili mwaka huu wa 2025, walimutoa nje, wakamuketisha kwenye kiti uani apate jua. Kamera ilikuwa kwenye magoti, lakini mikono haikuiweza tena. Myriam alimulisha uji. Chancelle, ambaye sasa ana miaka kumi na tisa, alimuambia kwamba jogoo amenya juu ya ngazi za marumaru za lile pazia. Tata Zéphirin alicheka. Hatukuwa tumemusikia akicheka tangu Noeli. Uji ulimutoka, ukashuka kwenye kidevu, na yeye mwenyewe, kwa desturi yake ya zamani, alijaribu kufunga kinywa na kukaa sawa.

Mama Odile alikuwa anachambua sombe pale karibu. Aliacha kikapu, akapangusa mikono kwenye kitenge, akachukua kamera kutoka magoti ya bwana yake. Hakuwa ameishika hata siku moja.

"Inabonyezwa wapi?"

"Juu," Chancelle alimuambia bibi yake. "Ngoja, koko, nimupanguse kwanza."

"Muache vile." Akaiinua mbele ya jicho, na ikawa inatetemeka pamoja naye. "Tata Myriam, fungua kinywa. Cheka vile ulikuwa nacheka. Tikisika tu."

Akabonyeza mara moja.

Chancelle alipanda taxi-moto mupaka soko la Manika kuitoa kwenye karatasi, akarudi kabla ya saa sita. Tata Zéphirin aliishika kwa mikono miwili, akaiangalia kama alivyoangalia kazi za watu maisha yake yote.

"Imetikisika," alisema. "Na kichwa umekata. Na kidole yako iko ndani."

"Naijua. Usipasule."

Tuliona machozi, lakini ugonjwa ule ulimutoa machozi mara nyingi, kwa hiyo hatutasema zaidi ya tulichoona. "Sipasule, Odile," alisema. Akaomba iwekwe ndani ya mufuko wa shati lake, na shati lilipobadilishwa, picha ilihamia shati lingine.

Alilala siku ya 9 mwezi huohuo, siku ya Mungu, saa kumi na moja ya alfajiri, akiwa na miaka makumi saba. Mama Odile alikuwa amemushika mukono.

Kijana wa kuchapa hii karatasi alituonea huruma. Alisema, "Bamama, ile kidole mi naweza kuikata, na kichwa tukitafutie foto ingine." Ndugu walileta ile ya koti na tai, ya mwaka 1998. Ni nzuri. Kidevu kiko juu. Mama Odile aliisoma, akairudisha. "Huyu alinipiga foto ya arusi mara sita," alisema. "Huyu mwingine njo nilisamehe. Kidole kibaki."

Kwa hiyo kile munachokiona kwenye kona ni kidole cha Mama Odile.

Tata Zéphirin anaacha mujane, Odile Nkulu. Watoto wawili, Myriam na Stany. Wajukuu wane, mukubwa wao Chancelle. Dada yake Laurentine kule Sandoa, na yaya wake Donatien, aliyeandika maneno haya. Anamukuta mutoto wake Glodi aliyemutangulia. Anaacha pia masanduku kumi na mane, ambayo yatafunguliwa nyumbani kesho, baada ya kuondoa kilio. Kila mutu aje ajitafute.

Mungu amupokee hivi alivyo kwenye picha, bila kumupanga. Apumzike, amechoka.