Gita la Kibodi na Mpigaji Aliyekaa Safu ya Pili

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkurugenzi wa Utamaduni, sisi wanakikundi wa Mikono Miwili tunakukaribisha katika studio yetu, ambayo pia ni stoo ya viti vya misiba ya mtaa. Ulitarajiwa asubuhi, umefika alasiri. Hatulalamiki, maana muda huo tumeutumia kupiga deki mara ya pili. Kelele iliyokoma ulipoingia ni ya jirani yetu fundi wa kuchomelea, aliyekubali kuzima mashine hadi utakapoondoka. Naye ana mageti ya watu, kwa hiyo tutakuwa wafupi.

HISTORIA YETU

Kikundi kilianza na mtu mmoja, Mjomba: mjomba wa damu wa mimi ninayesoma, na mjomba wa lazima wa wengine wote. Kila wimbo uliorekodiwa humu alipiga yeye gita kavu, lisilo la umeme, jirani akiwa amekwenda kula. Kisha akapata kiharusi, mkono wa kulia ukagoma. Fundi mitambo wetu akaleta kibodi hii unayoiona. Yenyewe haina sauti. Inachomekwa kwenye kompyuta, na sauti za gita zimo humo, uzi mmoja mmoja. Tukadhani kazi imekwisha.

Mheshimiwa, tulipiga madudu. Mimi nimetokea kwaya, nimezoea kubonyeza kwa vidole vyote kumi, tena kwa mpigo mmoja kama mtu anayelazimisha sanduku lifunge. Mjomba alikuwa kwenye kiti cha plastiki pale mlangoni. Akauliza, "Huyo mpiga gita wenu ana mikono mingapi? Mwingine unatokea mgongoni?"

Hapo ndipo darasa lilipoanza. Akatukumbusha kwamba gita lina nyuzi sita, na noti saba kwa pamoja haziwezekani hata kwa maombi. Kwamba mkono unaocharaza ukishuka hugusa uzi mnene kwanza, ukipanda huanza na mwembamba, kwa hiyo noti zifuatane kidogo, zisitue zote mara moja. Kwamba mkono ukipanda huwa mwepesi, nasi tubonyeze kwa wepesi. Na kwamba mtu akihamisha vidole nyuzi hunyamaza kidogo, basi tumwache ahame. Chini kabisa kwenye kibodi kuna vitufe visivyotoa noti. Ukivibonyeza unasikia ule mkwaruzo wa vidole vinavyoteleza kwenye nyuzi. Tulivipenda mno, wimbo mzima ukawa unakwaruza, hadi Mjomba akatupiga marufuku.

MAFANIKIO

Wimbo wetu ulipigwa redioni, nawe ukausifu hewani. Ulisema ungependa kumwona mpiga gita, hasa yule wa ubeti wa pili, anayechelewa kidogo, vidole vinakwaruza, ndipo anaingia. Ukasema hapo pana mtu. Tulishangilia hadi jirani akaja kugonga ukuta, na yule si mtu wa kuogopa kelele. Kwenye maelezo ya wimbo tumeandika "kibodi" wazi kabisa, lakini ofisi yako ikapiga simu kwamba unakuja na zawadi ya gita, na mpiga gita avae suti.

Sasa kuhusu hapo uliposifu. Kidole kidogo cha mkono wa kushoto wa Mjomba kimepinda tangu utotoni, na miaka yote akifika kwenye badiliko lile la ubeti wa pili huchelewa. Siku ya kurekodi nilichelewa mimi, kwa bahati mbaya, nikagusa na kitufe cha mkwaruzo. Nilikuwa nataka kufuta. Mjomba akanishika bega.

"Acha," alisema. "Huyo ni mimi."

Tukaacha. Fundi mitambo akatoka akisema anakwenda kuangalia waya. Nje hatuna waya.

CHANGAMOTO

Changamoto zipo. Madirisha uliyoahidi ziara iliyopita bado tunayaona kwa macho ya imani. Lakini kubwa ni kwamba tangu augue, Mjomba amekuwa "mgonjwa". Wageni wanampa pole, wanashika mkono usioshika, halafu wanaomba kuonyeshwa kompyuta. Inatuuma. Yeye anasema pole zimejaa hadi chini ya kitanda, hajui za kesho ataziweka wapi.

MAOMBI

Tunaomba gita hilo usitupe sisi. Mpiga gita unayemtafuta yuko safu ya pili, amevaa suti kama mlivyoagiza, vifungo tumemfunga sisi. Mkabidhi yeye. Usimwambie pole. Usimwombe apige, na mshereheshaji afute kwenye ratiba pale palipoandikwa "atatumbuiza". Mwite mpiga gita, kwenye kipaza sauti, mkewe naye asikie.

Kisha tutapiga wimbo ule. Tunakuomba usitazame kibodi. Tazama goti la Mjomba. Mkono wake wa kushoto utakuwa unabana nyuzi juu ya suruali, kila kidole mahali pake, nasi tunaufuata huo. Akifika ubeti wa pili atachelewa. Hata kama una haraka, tutamngoja.

Mungu akurudishe salama kwa watu wako, akupe uzima wa viungo vyote na kumbukumbu njema ya madirisha.

Ni sisi, Kikundi cha Mikono Miwili: wa kushoto ni wa Mjomba, wa kulia tunasaidiana.