Popi Asiione Njia

Kijiwe cha Nsemulwa kiko ubavuni mwa kibanda cha fundi redio aliyehamia Tabora na kusahau kung'oa kibao chake. Ubao mmoja umelazwa juu ya mawe, birika la Selestini linachemka juu ya makaa, na wanaokaa pale wamezoeana kiasi kwamba majina ya ubatizo yamebaki ya kutumia kliniki tu. Mzee Erasmus anaitwa Taratibu, kwa kuwa ndilo jibu lake kwa kila jambo. Jioni ile alikuja na mbwa wake, Popi, akiwa na neno moja kooni. Binti yake Dorice amemwita akaishi naye Kapalamsenga, kule ziwani, maana tangu mama yao afariki na miguu ya mzee ianze kuvimba, hakuna hata wa kumkorogea uji. Mzee amekubali kuhama. Alikuja kuwaaga wenzake, ila alipofungua mdomo, yakatoka mengine.

— Kesho nakwenda Kapalamsenga kumsalimia Dorice. Nitakwenda na Popi.

Neno la kuhama akalimeza pamoja na kahawa, na likamuunguza kuliko kahawa yenyewe.

Telesphor akaweka kikombe chini. Huyu ameendesha malori miaka mingi, na wanamwita Gia Mbili kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akifika ya tatu.

— Na usafiri gani, mzee wangu?

— Fuso linalofuata dagaa. Dereva kasema mbwa hana shida, ila nijue namna ya kumbeba.

— Namna ni moja tu. Kiroba. Mbwa haonyeshwi njia. Akiiona, ukisinzia tu anageuza, anarudi huku kwa miguu.

— Kiroba chenyewe hakitoshi, alisema Kashinje, ambaye jina lake la kijiweni ni Waziri, kwa kuwa hujibu maswali ambayo hakuulizwa. — Kwetu Usukumani unamtia kirobani, halafu unamzungusha mpaka ayumbe. Hapo hajui kusini wala kaskazini.

— Si atatapika?

— Ndo vizuri. Anatapika na kumbukumbu.

Erasmus akamtazama Popi, aliyekuwa amelalia mguu wake, ule unaouma zaidi. Alimwonea huruma. Mbwa huyu alilala mlangoni siku zote za msiba, na watu walipokwisha kutawanyika ni yeye peke yake aliyebaki.

— Kirobani kuna joto, alisema. — Atapumua wapi?

— Unatoboa tundu.

— Nikitoboa, si ataona njia?

Hilo likawasumbua kidogo. Selestini, akiwa anapuliza makaa, akachomekea lake.

— Mimi naona asishibe sana kabla ya safari. Mbebee maji. Na dereva asimame kule milimani, mbwa ajinyooshe. Chanjo ya kichaa amepata?

— Amepata. Cheti ninacho.

Wengine hawakumjali Selestini, kwa kuwa ushauri wake haukuwa na methali.

— Hayo ya tundu msiyachezee, alisema Gia Mbili. — Mimi nilimleta mbwa wa bwana mmoja kutoka Mpimbwe. Kiroba kilikuwa na tundu la kupitisha kidole tu. Hata wiki haikwisha, mbwa yuko kwao. Kakatiza mbugani, katikati ya simba.

— Simba walimwachaje?

— Walimpisha. Hata simba anamheshimu anayekwenda kwao.

Erasmus akainamia kikombe. Alijua Gia Mbili anaongopa, na bado maneno yale yalimchoma.

— Dawa ninayo, alisema Waziri. — Chota udongo wa uani kwako, umkorogee kwenye maji. Akinywa, popote ni kwao.

Erasmus akajiuliza kama udongo huo unawafaa na binadamu.

— Halafu unampaka mafuta ya taa puani asinuse kitu, aliendelea Waziri. — Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Maana yake, tukimdanganya mbwa, safari inakuwa fupi, anafika hajachoka.

Erasmus alikohoa.

— Na mbwa hafi maji akiona ufuko, alidakia Gia Mbili. — Kwa hiyo ukifika usimfungulie karibu na ziwa. Akiuona ufuko tu, kwisha habari yake.

— Methali haisemi hivyo, alisema Selestini.

— Ya huku ndo inasema hivyo.

Mama Odeta akavuka barabara na chupa yake ya chai. Alikuwa mpangaji mpya nyumba ya ng'ambo, na kijiwe alikuwa akikisikia kupitia dirishani tu.

— Shikamooni wazee. Naomba ya kujaza chupa, nina wageni.

— Marahaba, mama.

Wakati Selestini anamimina, mama huyo akawasikiliza wakirudia mambo ya kiroba, ya kumzungusha mbwa, na ya mafuta ya taa.

— Samahani, wazee. Mzee Taratibu si nimemsikia dirishani akisema anakwenda kusalimia tu?

— Ndiyo.

— Halafu anarudi?

— Sasa asirudi aende wapi, alisema Gia Mbili.

— Basi mbwa wake anafichwa njia ya kurudi kwa nini?

Mmoja baada ya mwingine wakamgeukia Erasmus, naye akaona aibu, na ndani ya aibu kulikuwa na uchungu aliokuwa ameukimbia jioni nzima.

— Nahama, alisema. — Nilitaka kuwaambia tangu nilipokaa. Nyumba nimemwachia mdogo wangu Amosi.

— Moja kwa moja? aliuliza Waziri.

— Dorice anasema moja kwa moja.

— Sijamuuliza Dorice.

Mama Odeta alikwisha kujaziwa chupa, lakini hakuondoka.

Gia Mbili akainama, akampapasa Popi shingoni. Uso aliuficha. Kisha akasema kwa sauti ya chini ambayo kijiwe hakikuizoea:

— Kiroba hapana. Mfunge kamba, mkae naye mbele, upande wa dirisha. Huyo dereva nitaongea naye mwenyewe. Milimani asimame, mshuke wote wawili. Aone kila kona na kila daraja.

— Aone ili iweje?

— Aone tu, mzee wangu. Na wewe usilale njiani.