Katibu Aliyeitetea Nikaragua Kutoka Mogogosiek

Na Molly Ouko, karani wa parokia

Mzee Isaiah Chepyegon anastaafu tarehe 30 Novemba 2025, baada ya miaka thelathini na moja akiwa katibu wa Parokia ya Mtakatifu Rita, barabara ya Mogogosiek, na katibu wa Kamati ya Haki na Amani kwa karibu muda huohuo. Katika miaka hiyo amewazoea maparoko saba, nao wamemzoea yeye, na hajawahi kumpa mtu yeyote ufunguo wa kabati la ofisi.

Sifa yake kubwa ni matamko. Hakuna serikali ya ng'ambo iliyopinduka, kuyumba au hata kukohoa bila Mzee Isaiah kubandika tamko kwenye mlango wa kanisa. Serikali ya Nikaragua ilipoanza kuwafunga mapadre na kuwafukuza masista, tamko lilikuwa tayari kabla ya chai ya saa nne. Kwa wiki mbili za kwanza alidhani nchi hiyo inapakana na Angola. Alipoonyeshwa ramani, alibadilisha bara na kuacha tamko lilivyo.

Kisha ikasikika kwamba huko wamepigwa marufuku kufanya Njia ya Msalaba barabarani. Mzee Isaiah aliamua kwamba tutawafanyia sisi. Ijumaa moja ya Kwaresima tukazunguka mashamba ya chai mara mbili, mara ya kwanza kwa ajili yetu na ya pili kwa niaba ya Nikaragua. Yesu alianguka mara sita siku hiyo. Lori la majani lilikwama nyuma yetu kwenye kituo cha tisa cha duru ya pili, majani yakaanza kuharibika ndani ya magunia, na wakulima waliokuwa wakilingoja wakatoa maneno yasiyomo katika kitabu cha sala. Picha, hata hivyo, zilitoka nzuri. Sista mmoja wa Meksiko aliyekuwa mgeni wetu alizituma kwa Wanikaragua waliokimbilia Kosta Rika, nao wakaguswa sana. Tangu hapo katibu wetu akawa na marafiki ng'ambo, nasi tukawa hatupumui kwa habari zao.

Juni mwaka huu vurugu zikatufikia sisi wenyewe. Akello, binti wa Adoyo anayewapikia mapadre, alikwenda mjini kuandamana na vijana wenzake na hakurudi. Mama yake alizunguka vituo vya polisi bila kuambiwa alipo. Akamwomba katibu jambo moja tu: Jumapili, kwenye maombi ya waamini, jina la binti yake litajwe, pengine aliye na habari angejitokeza. Mzee Isaiah alieleza kwa upole kwamba hiyo ni siasa, kwamba kamati ingehitaji kuketi, na kwamba mheshimiwa aliyetutolea mabati ya paa la kanisa huketi benchi la mbele.

“Na ile ya Nikaragua, Mzee, kwani haikuwa siasa?” Adoyo alimuuliza.

Katibu akasema Nikaragua ni mbali.

Jioni hiyo marafiki wa Kosta Rika waliandika kwamba wamesikia habari za Kenya na wanataka jina la kuombea. Mweke Mzee Isaiah ng'ambo ya bahari, na hutapata jasiri kama yeye. Aliwatumia jina la Akello na la mama yake, akidhani mambo yataishia huko. Waliwasha mishumaa, wakaimba, wakajirekodi, na yule sista wa Meksiko akamtumia Adoyo video, naye Adoyo akaipokea jikoni akimenya viazi. Aliona kanisa zima la wageni likimtaja mtoto wake. Jina liliwatoka vibaya, lakini liliwatoka. Alilia, nasi tuliokuwapo tukalia naye, na tuliona aibu sana.

Jumapili Adoyo hakuomba ruhusa ya mtu. Wakati wa maombi alikwenda mbele akaweka simu kwenye maikrofoni, na ile video ikaanza kusikika. Mheshimiwa akainua macho kutazama mabati yake. Mzee Isaiah, ambaye haruhusu mwingine kugusa mtambo wa sauti, alishika swichi. Hapa ndipo wasifu unanitaka nitaje mafanikio makuu ya utumishi wake, nami nayataja bila utani: hakuizima.

Baada ya Misa, Kiplangat, dereva wa lori la majani, alisema amemwona binti anayefanana na Akello akishushwa kwenye kituo kidogo cha polisi nje ya mji. Adoyo alikwenda na wakili. Jumanne Akello alikuwa nyumbani, amekonda, hataki kuzungumza.

Mzee Isaiah, asante kwa miaka yako yote nasi. Tunakuombea ustaafu wa heri nyumbani kwako Sigor, ng'ombe wenye maziwa, na mtandao dhaifu. Akello yupo leo, meza ya pili kutoka mlangoni. Siku hizi anazungumza, na amekuja na swali: kwa nini Kosta Rika walimwombea kabla yetu. Tafadhali mjibu kabla hatujakata keki.