Mafuta Yasiyopungua

Benchi letu liko mbele ya kibanda cha Soli, fundi viatu, na kwa wiki tatu sasa linanuka mchaichai kuliko ngozi na gundi. Soli alijichoma msumari kwenye muundi, akagoma kwenda zahanati. Akachemsha majani, akakinga mvuke, akapata chupa moja ya mafuta ya kupaka. Chupa inakaa kwenye rafu, nasi tunaidokoa kama chumvi ya jirani. Tuko wanne: Soli, kinyozi tunayemwita Profesa kwa sababu tangu azaliwe hajasema “sijui”, Shangazi mwenye birika la kahawa, na mimi mshona nguo, wananiita Uzi. Jana asubuhi tulikuwa tunasubiri jibu. Mpwa wake Soli, binti anayefanya kazi maabara ya chuo, alichukua mafuta kidogo akayapime. Makubaliano yao: yakiua vijidudu, anaacha kumsumbua mjomba wake, yakishindwa, Soli anakwenda zahanati siku hiyo hiyo. Na mguu, niseme kweli, ulikuwa umevimba vibaya.

— Siendi, alisema Soli. Marehemu kaka yangu aliingia hospitali na miguu miwili, akatoka na mmoja. Naogopa, jamani. Sioni haya kusema.

— Huendi kokote, alisema Profesa. Unajua kwa nini mmea unanuka? Hauna miguu! Mbuzi akija, utakimbilia wapi? Unapigana kwa harufu.

— Hapo umenena, alisema Shangazi, akimimina.

— Sasa kijidudu ni mgeni. Na mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Haya mafuta ndiyo jembe.

— Mbona huyu ana wiki tatu, jembe hajashika? nikauliza.

— Uzi, wewe shona. Kijidudu cha mguuni kimezoea kutembea, hakitulii.

Soli akashusha chupa kutoka kwenye rafu.

— Hebu tazameni! Napaka asubuhi na jioni, nanyi mnachota kila siku, lakini yako shingoni vile vile. Hii si baraka?

Mimi nikatazama kahawa yangu. Shangazi akaanza kufuta birika lililokuwa safi. Profesa akakohoa.

— Yanazaliana, akasema.

— Mafuta?

— Ya mmea, ndiyo. Yana dume na jike. Haba na haba hujaza kibaba, ulidhani wahenga walikuwa wanasema nini?

— Lo! Basi usiku nisifungue kifuniko?

— Usiyaaibishe. Kijiko kimoja tu kwenye tangi la maji la mtaa, mwakani zahanati tunaigeuza ukumbi wa harusi.

Mara mpwa akatokea, mkoba begani.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu. Yameua?

— Yameua, Mjomba.

Weee! Profesa alipiga benchi mpaka vikombe vikaruka. Soli alifuta machozi kwa kitambaa cha rangi ya viatu, uso ukawa mweusi.

— Ngojeni kwanza, alisema binti, akatuonyesha picha kwenye simu. Hii ni sahani yenye vijidudu. Karatasi yenye mafuta ya Mjomba imesafisha duara kama kifuniko cha kopo. Lakini nilichemsha mwenyewe majani ya kichaka chako hicho hicho, nikayapima pembeni. Duara langu ni kama kifungo cha shati.

— Mkono wa Mjomba una baraka, alidakia Profesa.

— Na yangu ni ya manjano. Haya meusi. Humu mna nini?

— Mchaichai mtupu! alisema Soli.

Binti akatutazama mmoja mmoja, macho yakatua kwangu. Nikashindwa kuvumilia.

— Nilichota ya kupaka mgongo wangu. Yakapungua, nikaona aibu, nikajazia mafuta ya cherehani. Kidogo.

— Uzi!

— Mara nne.

— Mimi spiriti ya kusafishia mashine za kunyolea, alisema Profesa. Kidole kimoja hakivunji chawa.

— Ndiyo maana yananiunguza! Na wewe ukaniambia ndiyo yanapigana!

— Mimi sikuweka kitu cha ajabu, alisema Shangazi. Kahawa. Tena niliichuja.

Tukadhani Soli atatutupia nyundo. Akakaa chini polepole, akaushika mguu wake.

— Mjomba, spiriti inaua vijidudu kwenye sahani, alisema mpwa taratibu. Sahani haina nyama. Mguu wako una nyama. Twende. Na daktari atauliza jambo moja tu: umepaka nini, na kiasi gani? Utamjibu nini?

Soli akatutazama. Sisi tukaitazama chupa. Hakuna aliyejua.

— Inukeni, akasema hatimaye. Wote! Kila mtu akaseme chake. Peke yangu siendi.

Tukaenda. Mpwa mbele na chupa, Profesa bega la kulia, mimi la kushoto, Shangazi nyuma na birika lake. Njiani Soli akauliza kwa sauti ndogo:

— Profesa, watanikata?

Profesa akamshika bega vizuri zaidi.

— Sijui, ndugu yangu, akasema.

Tukaongeza mwendo.