Inapogandia

Ndani ya tramu ya Aleksandria, Inshirah alipakata kapu lake la figili, masikio ameyaazima kiti cha mbele. Hapo Shauki, mpiga video za harusi, alikuwa akimlalamikia jirani aliyejuana naye vituo viwili tu nyuma, fundi kompyuta aitwaye Girgis.

"Nikiunganisha sauti na picha, kompyuta inaganda."

"Memori ndogo hiyo, ustadhi. Kompyuta mpya ya nini? Tafuta kipande cha mtumba kinachofanana na kilichomo, chomeka, itakwenda kama maji."

"Ninacho. Kimo mfukoni tangu Idi."

"Mfukoni! Unakiatamia kitotoe?"

Inshirah akabana kicheko.

"Ni mkanda wa harusi yangu mwenyewe," Shauki alisema. "Bwana harusi mimi, mpiga video mimi. Inaganda pale mke wangu Dawlat anaponigeukia, kabla hajacheka. Sasa ni marehemu."

"Mungu amrehemu. Basi chomeka, umsikie akicheka!"

"Akishacheka anaingia kwa mama yake, mlango unafungwa. Mkanda umekwisha."

"Kila mkanda una mwisho, ndugu yangu! Kwani hicho kicheko hukitamani?"

"Nakitamani mpaka koo linanikauka."

Inshirah akaanza kuzipanga upya figili zake.

"Na ikiganda," Girgis aliuliza, sauti imeshuka, "huganda muda gani?"

"Mpaka niizime mwenyewe."

Tramu ikasimama Sidi Gaber. Kilikuwa kituo cha Girgis, lakini hakuinuka.