Vidonge vya Mzee Nyange

Wananchi wenzangu, nina heshima kutangaza kwamba ndani ya basi la kutoka Micheweni nilishuhudia baraza kuu la tiba. Wajumbe walikuwa wawili, mtu na mkewe, na mmoja alikuwa anamenya chungwa.

"Bi Zulekha, leo utamwambia daktari mwenyewe," alisema Mzee Nyange, mgonjwa wa figo aliyepatwa na kifua kikuu. "Alisema vidonge vile nimeze mara tatu kwa wiki, figo zangu hazivitoi upesi. Weye ukanipa kila siku."

"Kaka yangu alimeza kila siku, akapona," mkewe akajibu, akimlisha kipande cha chungwa. "Nikuache weye upewe nusu, kama mtoto wa kambo?"

"Sasa dawa imezidi mwilini, macho yameingia ukungu. Jana nimemtolea salamu mbuzi, nikidhani Shehe."

"Akakuitikia?"

"Ndiyo maana nikaendelea kuzungumza naye."

Bi Zulekha alicheka. Akamfuta mumewe macho kwa ncha ya kanga, kana kwamba ukungu ule ungefutika. "Mwambie weye," alisema polepole. "Mie nitalia mbele ya daktari."

"Na mie nitaona haya kukusema."

Basi likasimama mbele ya hospitali. Kati yao hakuna aliyenyanyuka. Ghafla Bi Zulekha akanigeukia.

"Mwanangu, tangu tupande hujafunua hata ukurasa mmoja wa hicho kitabu chako. Umesikia yote?"

"Yote, bibi," nilikiri, nikafunga kitabu.

"Basi shuka na sie. Utamwambia daktari weye."